Kusafiri Katika Nchi ya Theluji

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za theluji, na jinsi watu wanavyoishi na kusafiri katika nchi ambazo ardhi yake hufunikwa na theluji miezi mingi ya mwaka. Huenda mtu akasema, "Habari hizo zatuhusu nini sisi, watu wa jua?" Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana ndani yake mna jambo limfaalo kila msafiri, awe aenda nchi ya baridi au nchi ya joto.

Wala theluji si ngeni kabisa kwetu. Wachaga huiona juu ya Kibo, na watu wa Kirinyaga huiona juu ya mlima wao. Tarehe 11 Mei, 1848, mmisionari Mjerumani aitwaye Johannes Rebmann, aliyekuwa akisafiri kutoka pwani kwenda Uchaga, aliona weupe uking'aa juu ya Kilimanjaro, akadhani kwanza ni wingu. Kiongozi wake hakuuita weupe ule kwa jina jingine ila "baridi" tu. Rebmann akatambua kwamba ni theluji, akaandika habari hizo Ulaya. Lakini huko London walikuwako wataalamu waliokataa kusadiki. Walikuwa hawajafika Kilimanjaro, wala hawakumjua yule kiongozi, lakini waliamua wakiwa vitini mwao kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Basi, kumbukeni mwaka huo wa 1848, maana wiki chache tu kabla ya Rebmann kuona theluji ya Kilimanjaro, upande mwingine wa dunia watu 105 walikuwa wameanza safari ya miguu katika theluji, na hakuna hata mmoja wao aliyerudi kwao. Habari zao ndizo nitakazowasimulia.

Mwaka 1845 Waingereza walipeleka merikebu mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari ipitayo kaskazini mwa Amerika. Mkubwa wao alikuwa Sir John Franklin, na jumla yao walikuwa watu 129. Merikebu zao zilikuwa imara, nazo zilipakiwa chakula cha miaka mitatu. Mwezi wa Septemba 1846 bahari iliganda, merikebu zikakamatwa na barafu karibu na kisiwa kiitwacho King William. Wakangoja barafu iyeyuke wakati wa joto, isiyeyuke vya kutosha. Mwezi wa Juni 1847 Franklin akafa. Hata ilipofika tarehe 22 Aprili, 1848, watu 24 walikuwa wamekwisha kufa, na wale 105 waliosalia wakaziacha merikebu, wakashika njia kwenda kusini kwa miguu.

Mwaka 1859 watu waliotumwa kuwatafuta waliiona mashua moja kisiwani, imewekwa juu ya sleji. Sleji ni gari lisilo na magurudumu, ambalo huburutwa juu ya theluji. Ndani ya mashua mlikuwa na mifupa ya watu wawili. Mlikuwa pia na vitabu, sabuni, ndara, leso za hariri, na vijiko na nyuma za fedha. Uzito wa mashua na sleji yake ulikisiwa kuwa ratili 1,400, yaani zaidi ya kilo 600. Fikirini, ndugu zangu: watu wenye njaa na maradhi, katika baridi kali, waliburuta mzigo kama huo kwa kamba mabegani mwao. Bibi kizee mmoja, mwenyeji wa kisiwa kile, aliwaeleza wale watafutaji kwamba watu wale walianguka wakafa huku wakienda.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Yule bibi kizee alikuwa amezeeka katika kisiwa kilekile. Baridi ilikuwa ni ileile, na giza lilelile la wiki kadhaa ambazo jua halichomozi. Katika nchi hiyo baridi hufika digrii 40 chini ya kiwango cha maji kuganda, na zaidi. Lakini wakati mabaharia wenye nguvu walipokuwa wakifa, wenyeji walikuwa wakizaa watoto na kuwalea. Wenyeji hao ni Wainuiti, ambao wageni zamani waliwaita Waeskimo. Je, walikuwa na nini ambacho mabaharia hawakuwa nacho? Walikuwa na elimu ya nchi yao, waliyorithishana tangu kale. Nitawatajia mambo matano ya elimu hiyo.

La kwanza ni mavazi. Mabaharia walivaa nguo za sufu. Mtu aburutaye mzigo hutoka jasho. Jasho huloweka nguo, na akisimama kupumzika, nguo ile huganda mwilini. Wainuiti walivaa ngozi za mnyama afananaye na kulungu, mwenye pembe za matawi, ambaye kila unywele wake una uwazi ndani. Walivaa nguo mbili: ya ndani manyoya yake yaliuelekea mwili, na ya nje manyoya yake yalielekea nje. Nguo hizo hazikubana, kwa hiyo hewa ilikaa katikati, na hewa iliyotulia ndiyo ihifadhiyo joto. Mtu alipoona anaanza kutoka jasho, alipunguza mwendo au alilegeza nguo. Katika baridi kali, jasho ni adui mkubwa kuliko upepo.

La pili ni nyumba. Hema la kitambaa hupenya baridi, na mvuke wa pumzi huganda ndani yake. Wainuiti walikata matofali ya theluji iliyoshindiliwa na upepo, wakayapanga kwa kuzunguka hadi juu, nyumba ikawa kama bakuli lililofudikizwa. Mtu atashangaa: nyumba ya theluji yawezaje kumpa mtu joto? Sababu ni kwamba theluji imejaa hewa, nayo huzuia joto lisitoke, kama makuti yazuiavyo joto la jua lisiingie nyumbani mwetu. Kitanda kilijengwa juu kuliko mlango, kwa maana hewa ya baridi ni nzito, hukaa chini. Taa ya mafuta ya mnyama wa bahari iliwashwa ndani, na juu paliachwa tundu ili watu wasikose hewa.

La tatu ni namna ya kusafiri. Wainuiti walifuga mbwa wenye manyoya mazito, wakawafunga kwenye sleji nyepesi. Tena, baridi ikizidi sana, theluji huwa kavu kama mchanga, na sleji haitelezi. Kwa hiyo walipaka maji chini ya sleji yakaganda yakawa barafu nyembamba, na hapo sleji iliteleza vizuri. Hawakuchukua mzigo usiowafaa. Kila kitu kilichopakiwa kilikuwa na kazi yake.

La nne ni chakula na macho. Mabaharia wa zamani waliokula nyama ya chumvi na biskuti muda mrefu waliugua kiseyeye: ufizi ulivimba, meno yakalegea, nguvu zikaisha. Wainuiti walikula nyama mbichi na mafuta ya wanyama wa bahari, na ndani ya nyama hiyo mbichi mna kitu kizuiacho kiseyeye. Tena, mtu mwenye kiu hakuitafuna theluji hivihivi, kwa sababu humwibia joto la mwili. Aliiyeyusha kwanza ndipo akanywa. Na kwa kuwa mwanga wa jua unaorudishwa na theluji hudhuru macho hata mtu asione, walichonga miwani ya mfupa au mti, isiyo na kioo, yenye ufa mwembamba tu wa kuchungulia.

La tano ni subira. Tufani ya theluji inapovuma, mtu haoni hata mkono wake, na hatua chache kutoka mlangoni zaweza kumpoteza. Wenyeji hawakushindana na tufani. Walijenga nyumba yao, wakaingia, wakangoja, hata kama ni siku tatu. Wahenga wetu wamesema mwenda pole hajikwai. Na katika theluji, asiyejua kusimama hafiki.

Sitaki mdhani kwamba mabaharia wale walikuwa wajinga au waoga. Walikuwa mashujaa. Wala nchi ile haingeweza kulisha watu 105 kwa mara moja. Wenyeji wenyewe walikaa makundi madogo madogo, wakahamahama kufuata wanyama. Lakini ushujaa usio na elimu ya mahali ni kama taa isiyo na mafuta.

Walikuwako wageni wachache waliokubali kufundishwa. Mmoja alikuwa Dk. John Rae, mganga wa Scotland, aliyejifunza kujenga nyumba ya theluji na kusafiri na mzigo mwepesi. Mwaka 1854 Wainuiti walimpa habari za watu weupe waliokufa kwa njaa, wakamwuzia vijiko na nyuma za fedha zilizokuwa mali yao. Rae alipopeleka habari hizo Uingereza, wengi walikasirika, wakasema maneno ya wenyeji hayawezi kusadikiwa.

Mwingine alikuwa Roald Amundsen wa Norwe. Mwaka 1903 alifunga safari kwa jahazi dogo liitwalo Gjøa, lenye watu saba tu. Alifika kisiwa kilekile cha King William, akakaa huko miaka miwili karibu na Wainuiti wa kabila la Netsilik. Hakuona haya kuwa mwanafunzi wao. Alijifunza kwao kuvaa ngozi, kuendesha mbwa, kujenga nyumba ya theluji na kupaka sleji barafu. Mwaka 1906 akamaliza njia ile ambayo Franklin aliitafuta, naye akawa mtu wa kwanza kuipita yote kwa chombo. Tena, tarehe 14 Desemba, 1911, yeye na wenzake wanne walifika Ncha ya Kusini ya dunia wakiwa na mbwa na mavazi ya ngozi, wakarudi wote salama. Kapteni Scott wa Uingereza na wenzake wanne walifika hapo tarehe 17 Januari, 1912, wakiburuta sleji yao wenyewe, na wote watano walikufa njiani wakirudi. Sababu za msiba huo zilikuwa nyingi. Lakini tofauti ya mavazi na ya mbwa ilikuwa miongoni mwake.

Nanyi mtauliza, merikebu za Franklin je? Zilitafutwa miaka mingi. Erebus ilionekana chini ya bahari mwaka 2014, upande ambao masimulizi ya Wainuiti yaliutaja tangu zamani. Terror ilionekana mwaka 2016, baada ya mwenyeji mmoja kuwaeleza watafutaji kwamba aliwahi kuona mti kama mlingoti umetokeza kwenye barafu. Maneno ya wenyeji yaliyodharauliwa zamani yalithibitika. Vivyo hivyo theluji ya Kilimanjaro ilikuwapo siku zote, wasadiki wasisadiki.

Siku hizi Wainuiti hukaa katika nyumba za mbao na husafiri zaidi kwa vyombo vya mota, lakini wawindaji wao bado hutumia mengi ya elimu ile. Na siku hizi vijana wetu wengi huenda Kanada, Uingereza, Norwe na kwingineko kusoma na kufanya kazi. Wakiwako wanaonisikiliza ambao wana safari hiyo, au wazazi wenye mtoto aliye huko, wayashike haya. Vaa nguo kadhaa nyepesi zisizobana, moja juu ya nyingine, kuliko kuvaa moja nzito. Hakikisha miguu, mikono na masikio ni makavu na yamefunikwa. Ukiona kidole kimekufa ganzi na kugeuka rangi, ingia ndani upate joto, wala usikisugue kwa theluji. Ukikwama garini wakati wa tufani, usiliache gari ukaenda kutafuta msaada, kwa sababu gari huonekana upesi kuliko mtu. Na kama unawasha mota upate joto, kwanza ondoa theluji iliyoziba bomba la moshi, maana ndani ya moshi ule mna hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Zaidi ya yote, wenyeji wakikwambia, "Leo usisafiri," usisafiri.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wengine hudhani methali hiyo ni ya adabu tu, ya kumpendeza mwenyeji. Katika nchi ya theluji ni methali ya uhai. Mgeni amwulizaye mwenyeji hapungukiwi na heshima yake. Na pengine hiyo ndiyo itakayomrudisha kwao.