Ajali ya Msumeno Ina Kinga, na Ina Sheria

Maandishi ya mazungumzo kwa wakataji miti, wapasuaji mbao na waajiri wao, Nyalenda



Husemwa kuwa ajali haina kinga. Lakini mkataji miti anayeingia kazini na kandambili, bila kofia na bila kujua mti utaangukia wapi, ameikaribisha ajali. Aliyempa kazi hiyo ameifungulia mlango.

Kazi hii aghalabu ni ya kibarua. Simu inapigwa asubuhi: kuna mikaratusi ya kuangushwa Nyakach au Nandi. Vijana wanapanda pikipiki na msumeno wa injini, bila kuandikiana chochote. Jioni mmoja akirudi na mguu uliokatwa, hupewa pesa za dawa na kuambiwa apumzike. Hapo ndipo haki yake huanza kupotea.

Tuanze na kinga. Kabla ya kuwasha msumeno, mkataji auzunguke mti. Atazame unakoinamia, matawi makavu yaliyo juu, na nyaya za umeme. Mti ukiwa karibu na nyaya, Kenya Power waarifiwe kwanza. Asafishe njia ya kukimbilia, nyuma na kando ya mti. Wenzake wakae umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti huo. Mti ulionaswa juu ya mwingine ni hatari. Mtu yeyote asipite chini yake.

Avae kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, buti imara na suruali ya kuzuia mnyororo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi kwa vitu ambavyo sheria hiyo inataka vitolewe. Kwa hivyo bei ya kofia isikatwe kwenye ujira wa kibarua.

Kwenye karakana za mbao, kifuniko cha msumeno wa meza kisiondolewe ili kuharakisha kazi. Mashine izimwe kabla ya kutoa kipande kilichokwama. Vidole havioti tena.

Mtu akikatwa, kidonda kigandamizwe kwa kitambaa safi, bila kuachilia, huku akikimbizwa hospitali. Kisipakwe mchanga, majani wala mafuta ya taa.

Sasa haki. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamlinda mtu aliyeajiriwa kwa ujira. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Naye kijana aliyechukua kazi ya shamba zima kisha akaita wenzake na kuwalipa, ajue kuwa amekuwa mwajiri.

Aliyeumia amwambie mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini; kifo kiripotiwe ndani ya saa 24. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Mwaka 2019, Mahakama ya Juu ilithibitisha kuwa madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Ofisi yake, inayojulikana kama DOSHS, ni ya serikali ya kitaifa, na iko pia mjini Kisumu.

Kwa hivyo mfanyakazi atunze karatasi za hospitali, ujumbe wa simu uliomwita kazini, rekodi ya malipo ya M-Pesa na majina ya walioshuhudia. Hizo ndizo hati za kibarua.

Pesa za dawa zipokelewe kwa shukrani, lakini zisizibe mdomo. Mwaka hupita upesi, na mguu uliokatwa hubaki. Leo jioni, yeyote mwenye ndugu aliyeumia kazini amuulize jambo moja: je, umeripoti?