KICHWA HAKIUZWI KU SOKO
Maneno kwa wamama wa siku ya kilo

Leo, mbele ya kupima watoto, tutasema juu ya kofia ngumu ya pikipiki, ile tunaita kaske. Pengine mama mumoja atauliza: "Kaske ni kazi ya polisi. Sisi wamama inatuhusu nini?" Musikilize kwanza, kisha mutajibu wenyewe.

Asubuhi hii, ni wangapi mulikuja na moto toka Katuba, Ruashi ao Kampemba, mutoto ku mugongo? Na ni wangapi mulivaa kaske? Kila mutu ajibu katika moyo wake.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya barabara ya inchi yetu ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Inaomba kaske kwa yule anayeendesha na kwa yule anayepakiwa. Lakini tunaona nini? Manseba iko na kaske moja, ameitia ku mukono. Akiona polisi wa rulaje ku rompuani, anaivaa. Akishapita, anairudisha ku mukono. Wamama, ku mukono hakuna ubongo! Huyu anachunga franka zake za amende, hachungi kichwa chake. Tena polisi hawezi kusimama ku kila njia ya Katuba. Fasi polisi hayuko, nani atasimamia sheria? Ni wewe mama, wewe unayelipa.

MUFANO WA TENISI

Niwape mufano wa mbali kidogo, muchezo wa tenisi. Watoto wenu wakubwa wanaweza kuujua.

Mwezi wa 8 mwaka 2025, kule Montreal, inchi ya Kanada, musichana wa miaka 18, jina lake Victoria Mboko, alishinda mashindano makubwa. Wazazi wake walitoka hapa kwetu Congo. Katika fainali alimushinda Naomi Osaka wa Japani, mwenye kujulikana dunia nzima. Watu walipiga makofi sana.

Lakini ukubwa wake haukuanza siku ile. Mwezi wa 7 mwaka 2022, kule Wimbledon, Uingereza, yeye na mwenzake walishindwa katika fainali ya wasichana ya wawili-wawili. Waliowashinda ni Angella Okutoyi wa Kenya (Kenya ya Nairobi, si komini yetu) na mwenzake wa Uholanzi. Muchezaji wa tenisi akishindwa, anarudi ku mazoezi: mupira ule ule, kila siku, pasipo mutu wa kumupigia makofi. Yule anayecheza vizuri paka wakati watu wanamwangalia, hatakuwa mukubwa hata siku moja. Na yule anayevaa kaske paka wakati polisi anamwangalia, siku ya kuanguka itamukuta kichwa wazi.

Kuna neno lingine. Siku moja mbele ya fainali ile ya Montreal, Mboko alianguka akaumia kifundo cha mukono. Walimufunga, kesho yake akacheza, akashinda. Mukono unaweza kufungwa na kupona. Lakini ubongo?

KWA NINI KASKE?

Ubongo ni laini kama maziwa yaliyoganda. Kichwa kikipigwa ku kaniveau, ubongo unagonga mufupa ndani, damu inavuja, na fasi ya kuvimba hakuna. Sisi waganga hatuna ubongo mwingine wa kukupa. Mama anaweza kupona kidonda lakini asijue tena jina la mutoto wake.

Kaske iko na ganda gumu inje, na ndani sponji ngumu inayobonyea. Inabonyea yenyewe, pahali pa kichwa chako. Waganga walikusanya uchunguzi 61 toka inchi mbalimbali, wakatangaza matokeo mwaka 2008: kaske inapunguza hatari ya kuumia kichwa 69 kwa 100, na hatari ya kufa 42 kwa 100.

WAMAMA WANASEMA NINI?

"Inaharibu nywele, tena inaleta magonjwa ya ngozi." Funga kwanza kitambaa safi, chepesi. Si kilemba kinene, kaske haitaingia vizuri.

"Ni karibu tu." Magari hayajui kama unaenda karibu ao mbali.

"Manseba hana kaske ya pili." Kule Kigali, kumupa abiria kaske ni desturi ya kila siku. Hapa kwetu tunawaita manseba, ni kusema ndugu ya mama. Mukumbushe jina lake: "Manseba, unaweza kubeba mutoto wa dada yako kichwa wazi?" Kama hana, ngojea mwingine. Wamama wakikataa, kaske ya pili itapatikana.

NA MUTOTO MUDOGO?

Hapa nasema wazi. Mutoto muchanga, kaske hakuna ya kumuenea, na shingo lake halina nguvu ya kuibeba. Akiwa ku mugongo, ukianguka nyuma, ni yeye anagonga kwanza. Kwa hiyo siku ya kilo, kama inawezekana, panda bisi ao tembea kwa miguu. Afazali kuchelewa. Hapa hatutakufukuza.

MUKUMBUKE

1. Omba kaske mbele ya kupanda, si kisha.
2. Funga mukanda chini ya kidevu. Kaske isiyofungwa itaruka.
3. Kaske iliyokwisha kugonga chini kwa nguvu, usiivae tena.
4. Usikubali kupakiwa watatu ku moto moja.
5. Mutu akianguka, musimukamate shingo kwa nguvu, musimupe kinywaji. Mumulete upesi.
6. Mutoto aliyeanguka, hata kama hana kidonda, mumulete palepale, hata usiku, kama anatapika tena na tena, analala na kuamka kwa shida, anakataa kunyonya, anapata degedege, utosi wake umevimba, ao damu ao maji yanatoka ku sikio ao ku pua.

Sasa mujibu ile ulizo ya kwanza: kaske inatuhusu nini? Soko ya Kenya inauza nyanya, vitambaa na kaske. Kichwa hakiuzwi. Basi, mama wa kwanza alete mutoto ku kilo.