Aondoke Mkongwe au Chipukizi? Mafunzo ya Biashara Mbili za NBA

Mada kwa semina ya makocha na viongozi wa klabu za mpira wa kikapu

1. Utangulizi

Kila dirisha la usajili linapofunguliwa, kamati zetu hugawanyika. Wapo wanaosema mkongwe amechoka, awapishe vijana. Wapo wanaojibu kwamba vijana hawajawahi kuleta kombe. Hoja yangu ni kwamba ubishi huo unaanza mahali pasipo pake: umri wa mchezaji hautuambii lolote mpaka klabu iwe imekubaliana inataka kushinda lini. Nitaieleza hoja hiyo kwa biashara mbili za NBA, na ya kwanza inamhusu kijana wetu.

2. Memphis, Februari 2011

Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimteua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa chaguo la pili katika drafti, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Sifa alikuwa nazo: urefu wa mita 2.21, na tuzo mbili za mlinzi bora wa ligi ya Big East akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Lakini mpira wa kikapu alianza kuucheza akiwa na miaka 15 hivi. Alihitaji dakika nyingi uwanjani ili ajifunze, na Memphis hawakuwa nazo za kumpa. Chini ya kikapu walikuwapo Marc Gasol na Zach Randolph, na hakuna kocha ambaye angewaweka hao benchi ili kijana apate darasa. Msimu wa kwanza Thabeet alipata wastani wa pointi 3.1 tu kwa mechi. Wa pili, dakika zake zikapungua zaidi.

Katikati ya Februari 2011, fowadi wao Rudy Gay akaumia bega. Timu ilikuwa inapigania nafasi ya kuingia mtoano, na ghafla ikawa na pengo pembeni. Tarehe 24 mwezi huohuo, Memphis wakampeleka Thabeet Houston Rockets pamoja na DeMarre Carroll na chaguo la raundi ya kwanza la baadaye. Wakampokea Shane Battier, mwenye miaka 32, pamoja na Ishmael Smith. Thabeet alikuwa na miaka 24.

Ukiangalia umri peke yake, hiyo ni hasara: unatoa kijana, unachukua mtu ambaye mkataba wake unaisha miezi michache ijayo. Lakini tuangalie kazi iliyokuwa wazi. Memphis hawakuhitaji senta wa tatu. Walihitaji mtu wa kumkaba mfungaji wa timu pinzani, anayeweza kufunga pointi tatu akiachwa huru, asiyehitaji kufundishwa mfumo msimu mzima.

Wakamaliza nafasi ya nane Kanda ya Magharibi kwa ushindi wa mechi 46, wakapangwa na vinara San Antonio Spurs walioshinda 61. Kabla ya hapo Memphis walikuwa wamecheza mechi 12 za mtoano na kupoteza zote, katika miaka ambayo Battier huyohuyo alikuwa kwao. Mechi ya kwanza, zimebaki sekunde zisizozidi 24, Spurs wanaongoza kwa pointi mbili. Battier akarusha kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, ukaingia. Matokeo: 101 kwa 98. Memphis wakawatoa Spurs kwa mechi 4 kwa 2, kisha wakatolewa na Oklahoma City Thunder katika mechi ya saba.

Battier hakubaki. Alijiunga na Miami Heat, akatwaa ubingwa 2012 na 2013. Je, Memphis walipoteza? Walinunua miezi michache ya kazi maalumu, na kazi ikafanyika.

3. Mtego wa gharama iliyokwisha kulipwa

Najua kuna atakayesema: katika drafti ile James Harden alichukuliwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Ni kweli, lakini mwaka 2011 jambo hilo halikuwa tena mezani. Yaliyopita si ndwele. Kiongozi anayemng'ang'ania mchezaji kwa sababu tu alimsajili kwa mbwembwe anailinda heshima yake mwenyewe, na timu ndiyo inayolipa.

4. Clippers, Julai 2019

Biashara ya pili inaonyesha upande wa pili. Los Angeles Clippers walitaka ubingwa mara moja, wakamchukua Paul George, mwenye miaka 29, kutoka Oklahoma City. Wakatoa Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana machaguo, na kijana Shai Gilgeous-Alexander.

Uamuzi wa kutaka ushindi wa haraka haukuwa wa kipuuzi, kwa sababu ujio wa Kawhi Leonard ulifungamana na biashara hiyo. Kasoro ilikuwa kwenye bei. Shai alikuwa na msimu mmoja tu, lakini alikuwa ameanza mechi nyingi, na alionekana kupanda. Clippers walifika fainali ya kanda mwaka 2021 lakini fainali kuu hawakufika, na mwaka 2024 George akaondoka bila klabu kupokea mchezaji yeyote. Mwaka 2025 Oklahoma City wakawa mabingwa, Shai akiwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali. Pembeni yake alikuwapo Jalen Williams, aliyeteuliwa mwaka 2022 kwa mojawapo ya machaguo yaliyotoka Clippers.

Memphis walitoa kijana ambaye hawakuwa na dakika za kumpa. Clippers walitoa kijana aliyekwisha kuonyesha anapoelekea, wakaongeza na kesho ya klabu nzima.

5. Mapendekezo

Sisi hatubadilishani wachezaji kama NBA; tunasajili na kuacha. Hata hivyo maswali ni yaleyale, na napendekeza kamati ziyajibu kwa mpangilio huu:

(a) Klabu inataka kushinda lini? Msimu huu, au miaka mitatu ijayo? Kamati isiyo na jibu moja isimguse mchezaji yeyote.

(b) Kazi ipi iko wazi? Itajwe kwa vitendo: kukaba, kuchezesha, kugombea ribaundi. "Tunahitaji uzoefu" si kazi.

(c) Kijana apimwe kwa mwelekeo. Dakika 20 za leo zilinganishwe na dakika 20 za miezi sita iliyopita. Kama hajapewa dakika, kocha aseme wazi kama atazipata hapa au la.

(d) Mkongwe apimwe kwa msimu unaokuja. Mataji ya zamani yaenziwe kwenye hafla ya kumuaga, yasiongeze miaka ya mkataba.

(e) Bei iwekewe kikomo kabla ya mazungumzo. Atakayekwenda mezani ajue ni mchezaji gani hatoki kwa vyovyote.

(f) Sababu za uamuzi ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao siku hiyohiyo. Msimu ukiisha, kamati ijipime kwa sababu hizo na pia kwa matokeo, kwa kuwa uamuzi mzuri unaweza kuharibiwa na jeraha, na uamuzi mbaya unaweza kuokolewa na bahati.

Kwa majadiliano ya vikundi, naomba kila klabu imchukue mchezaji mmoja inayembishania sasa, impitishe kwenye maswali (a) hadi (e), kisha itueleze ilikwama kwenye swali lipi. Ninavyoona mimi, wengi tutakwama kwenye (a).