Kijana Mmoja, Sura Tatu



Tuchukue kijana wa miaka 16, hapa hapa Garissa. Nyumbani hasemi. Mama akimwuliza jambo, jibu ni "sijui". Jioni kule maskani, miraa ikitafunwa, ndiye mwenye sauti kubwa, na wakimtuma kupigana anakwenda. Lakini kwa fundi wa magari anashika spana kwa adabu, akiambiwa rudia, anarudia.

Mama atasema ana kiburi. Wenzake, shujaa. Fundi, mtoto mzuri. Wote wanasema kweli, ila hawakutani.

Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, liliua watu 148. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mtoto wa chifu wa Mandera, tena msomi wa sheria. Baba yake alikuwa amekwisha kuripoti kwamba kijana ametoweka. Mzee alifanya wajibu wake, lakini kijana alikuwa ameshakwenda.

Kwa hiyo akinyamaza, msikimbilie fimbo, wala kumfungia mahali eti arudishiwe mila. Mama, nenda kwa fundi. Si kushtaki, uliza tu: huwa anaongea nini hapa? Fundi naye asimwage siri zote, la sivyo kijana atamkimbia hata yeye. Na hao wa maskani wana majina na mama zao, wajueni.

Mkutano ujao kila mzazi aje na jina la mtu mzima mmoja ambaye mtoto wake humsikiliza. Asiye na jina, tutaanza naye.