Shimo Nyuma ya Nyumba

 

Andiko letu la leo ni Kutoka 21, mstari wa 33 na 34. Halihubiriwi sana, maana linasema mambo ya shimo, ng'ombe na punda. Mtu amechimba shimo, au amefunua shimo la zamani, akaliacha wazi. Mnyama wa jirani akapita, akatumbukia, akafa. Sheria haikuuliza kama mwenye shimo alimchukia jirani yake. Haikuuliza kama alimsukuma ng'ombe. Iliuliza jambo moja tu: shimo ni la nani? Na mtu huyo ndiye aliyepaswa kulipa.

Tunataka kuongea juu ya mashimo ya kwetu. Ng'ombe wa Musa aliingia shimoni. Sisi tunaongea juu ya kile kinachotoka.

Mwaka 2020, mwezi wa nne, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake, wengi wetu tulipoteza nyumba, na wengine walipoteza watu. Kisha ziwa nalo likapanda, likaingia katika parseli za pembeni. Watu wakahama, wakaanza kujenga tena. Na kujenga kwetu tunakujua: hakuna anayeenda kununua matofali mbali wakati udongo uko nyuma ya jiko. Mtu anachimba pale pale, anamwaga maji, anakanyaga udongo, anapanga matofali, anayakausha kwa jua au anayachoma. Nyumba inasimama. Wachungaji tunaitwa kuiombea, tunakula wali na samaki, tunamshukuru Mungu. Hakuna anayekumbuka shimo. Linabaki pale, refu na pana kama chumba, na mvua ya mwezi wa kumi ikianza, linajaa.

Sasa sikilizeni vizuri. Mbu anayeleta malaria anaitwa anofelesi. Jike peke yake ndiye anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Anapenda kutaga katika maji yaliyosimama, yanayopigwa na jua, yasiyo machafu sana. Shimo la matofali ni kama tumemchimbia yeye. Nyayo za ng'ombe pembeni ya mashamba ya mpunga zinamtosha pia, na mahali gurudumu la lori limekwama, na madimbwi ambayo ziwa limeyaacha nyuma. Mayai yanakuwa viluwiluwi, na kwa joto la kwetu, katika siku 7 mpaka 14, mbu amekwisha kuota mabawa na kuruka.

Mwenye mashaka achukue bakuli jeupe, achote polepole maji ya pembeni ya shimo. Akiona vijidudu vimelala sawasawa juu ya maji kama vipande vya uzi, hao ndio anofelesi. Wale wanaoning'inia kichwa chini mara nyingi ni kuleksi, watoto wa maji machafu ya choo na mfereji. Hao ndio wanaotunyima usingizi kwa kelele. Fanyeni jambo hili mbele ya watoto. Wataelewa mbio kuliko mahubiri yetu.

Mambo haya hayakujulikana siku zote. Neno lenyewe malaria linatoka Kiitalia, maana yake hewa mbaya. Wazungu waliamini miaka mingi kwamba ugonjwa unaletwa na harufu ya mabwawa, wakafunga madirisha yao usiku. Mwaka 1897 ndipo muganga mmoja, Ronald Ross, huko India, alipompasua mbu akaona kimelea cha malaria tumboni mwake. Wao, basi, walilaumu hewa. Sisi tunamlaumu nani?

Mnajua tunamlaumu nani. Mtoto anapata homa jioni. Usiku anatetemeka, macho yanageuka, anasema maneno yasiyoeleweka, anakakamaa mwili. Hiyo ni malaria imefika katika ubongo, na kila saa moja ina uzito. Lakini mtu mmoja katika jamaa anasema: huyu amefungwa, huu si ugonjwa wa hospitali. Wanambeba mpaka katika chumba cha maombi. Siku ya kwanza, siku ya pili. Mtoto akifa, kazi inayofuata ni kutafuta jina la mulozi, na jina linalotoka, mara nyingi, ni la mama mzee, mjane, anayeishi peke yake na asiye na mtoto wa kiume wa kumtetea.

Katika kuzunguka kwetu kuwaona wagonjwa tumekuta jambo kama hilo, katika avenu moja ambayo hatutaitaja. Mama mzee alifukuzwa katika nyumba yake mwenyewe juu ya kifo cha mjukuu wa jirani. Tulikwenda kuiona ile nyumba ya msiba. Mtoto alikuwa amelala bila mustikere, kwenye mkeka, karibu na mlango wa nyuma. Na nje ya mlango ule, kama hatua 20, kuna shimo la matofali. Vyura waliimba pale mpaka tukashindwa kuongea. Watu wa avenu ile walijua habari zote za yule mama, alikula nini na alipita wapi usiku. Habari za lile shimo hakuna aliyeziuliza.

Musa alimtafuta mwenye shimo. Avenu ile ilimtafuta mulozi.

Wenzetu wanaosema kwamba wameonyeshwa jina la mtu katika ndoto, tunawaambia kwa upendo na kwa ukali pia: mtoto mwenye homa apelekwe kwanza kituo cha afya. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole na dakika kama 15. Hatusemi muache kuomba. Ombeni njiani, ombeni mkiwa juu ya pikipiki, ombeni wakati muganga anatafuta mshipa. Lakini msimzuie mtoto katika chumba cha maombi huku ugonjwa unatembea. Kongo yetu ni ya pili duniani kwa malaria, baada ya Nigeria. Katika watu 8 wanaoupata ugonjwa huu duniani kote, karibu mmoja ni Mkongomani. Na wanaokufa, wengi ni watoto wasiofikisha miaka 5. Je, walozi wa Kongo ni wengi hivyo kupita wa mataifa yote? Au ni maji?

Wengine watasema: lakini sisi tunafanya salongo. Ni kweli, tunawaona jumamosi na makupakupa. Tunakata majani, tunafagia barabara, kiongozi wa avenu anapita kuangalia. Kukata majani ni vizuri juu ya nyoka, na macho yanafurahi. Lakini mbu hazaliwi katika majani. Anapumzika pale mchana, basi. Ukikata majani na kuacha maji, atahamia chini ya kitanda chako, na kesho wadogo zake watatoka shimoni kumfuata.

Tena mtu anajibu: shimo liko katika parseli yangu, si mambo ya mtu. Ndugu, parseli ina ukuta, mbu hana habari ya ukuta. Kuruka mita mia kadhaa si kitu kwake. Amenyonya damu ya mtoto wako mgonjwa leo. Kimelea kinakomaa ndani yake siku kama 10 au zaidi. Kisha anapita juu, pale uwazi unapobaki kati ya ukuta na mabati, anaingia kwa jirani saa sita ya usiku. Hukumtuma. Hata yule mtu wa Kutoka 21 hakumtuma ng'ombe shimoni.

Na mpangaji asijifiche. Tunasikia kila mara: mwenye parseli anakaa Bukavu, mimi ninapanga tu. Rudini katika andiko, mtaona linataja watu wawili, yule anayechimba na yule anayefunua. Kama kila asubuhi unachota katika shimo lile maji ya kumwagia nyanya zako, wewe nawe umelifunua.

Tufanye nini basi? Kufukia, hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Mito yetu imetumwagia mchanga na mawe kila upande mpaka hatujui pa kuyaweka. Haya, kazi yake imepatikana. Anzeni na mawe, kisha mchanga, kisha udongo, mkanyage, mwinue katikati kidogo ili mvua isisimame tena. Msijaze sachet na chupa za plastiki, maana kila chupa ni kisima kidogo. Mtu ambaye bado anafyatua matofali apasue mfereji na kukausha shimo mara moja kwa juma, siku ile ile kila juma. Kwa nini juma? Kwa sababu mbu anahitaji siku 7 au zaidi ili aruke. Ukimwaga maji kabla hazijatimia, umemkuta bado mtotoni. Mwenye kutaka kufuga tilapia katika shimo, ni vizuri, samaki wale wanakula viluwiluwi. Lakini akate majani ya ukingoni, na asiliache likawa pori, kwa maana bwawa lililotupwa ni baya kuliko lile shimo la mwanzo.

Wako wanaomwaga mafuta machafu ya gari juu ya maji. Ni kweli yanawaziba pumzi viluwiluwi. Lakini mvua ikija, mafuta yanashuka ziwani, pale pale mama zetu wanapochota maji ya kunywa. Hapana.

Juu ya bidoni na mapipa: robine hazitoi maji kila siku, kwa hiyo kila nyumba inaweka akiba, hatuwezi kuwakataza. Funikeni kwa kifuniko au kwa kitambaa kilichokazwa na kamba, na msugue pipa ndani likiisha. Tairi za zamani zinazokandamiza mabati, zitobolewe au zishushwe muweke mawe. Huko anazaliwa mbu mwingine mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Yeye haleti malaria, analeta dengi na chikungunya. Choo kiwe na kifuniko. Na pale juu ya ukuta, chini ya mabati, tieni wavu au zibeni kwa udongo, ila muache dirisha la hewa lenye wavu, kwa sababu mabati ya Uvira tunayajua saa nane ya mchana.

Moshi wa majani ya mikaratusi unamfukuza mbu kwa muda, tunakubali, lakini mtoto mchanga analala katika moshi ule akikohoa. Hatushauri.

Ziwa hatuwezi kulifukia, na mpunga wa Ruzizi ndio chakula chetu. Maji yale yatabaki, na mbu wake watakuja. Kwa hiyo kila mtu alale ndani ya mustikere, kila usiku, mwaka wote, hata kiangazi. Ikiwa mpya, itundikeni kivulini siku moja kabla ya kulala ndani yake. Ifueni kwa sabuni ya kawaida, bila javeli, muianike kivulini, kwa sababu jua linakula dawa. Na ninyi mnaozishona kuwa nyavu za kuvulia ndagala, tunawafahamu, wengine mnakaa viti vya mbele kanisani. Nyavu zile zinakusanya hata samaki wachanga wasiofika kipimo, na dawa iliyo ndani yake ni sumu kwa samaki. Mnaharibu ziwa, na mtoto wenu analala wazi. Mambo mawili kwa mara moja.

Jumamosi hii, salongo itakuwa ya mashimo. Tumepatana na viongozi wa avenu. Wajane, wazee na wagonjwa wenye shimo katika parseli wawaambie mashemasi kabla ya ijumaa jioni. Vijana watakuja na majembe, ndoo na mifuko, na hakuna atakayeombwa franga, maji ya kunywa tu. Mashimo yaliyo kati ya parseli mbili, wenyewe wote wawili waje, tusianze kupima mipaka asubuhi ile.

Tutaanza na lile shimo lenye vyura. Mwenyewe amekubali, saa moja ya asubuhi, kabla jua halijapanda. Tumewaomba wakubwa wa jamaa ile wafike pia, na yule mama aje. Ufunguo wa nyumba yake atarudishiwa mbele ya watu wote wa avenu, ndipo jembe la kwanza litainuliwa.