Lugha na Hisabati: Vijana Wetu Wasiishie Mlangoni

(Mawaidha kwa waumini wazungumzao Kiswahili waishio England)



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mwenye kuwaneemesha waja Wake kwa elimu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, leo tunazungumzia jambo lisilosikika sana mimbarini: vijana wetu walio katika uanagenzi. Kijana huajiriwa, hulipwa, hufundishwa kazi, kisha hufanyiwa tathmini na kupewa cheti. Ni njia ya halali na ya heshima. Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala, na Nabii Daud (A.S.) alifundishwa kuunda deraya.

Lakini kwa miaka mingi njia hii ilikuwa na kizuizi. Mwanagenzi asiye na alama inayotosha ya GCSE katika Kiingereza na hisabati alilazimika kufaulu mitihani ya stadi za msingi: ya ngazi ya 1 kwa uanagenzi wa ngazi ya 2, na ya ngazi ya 2 kwa uanagenzi wa ngazi ya 3 na kuendelea. Asipofaulu, hakuingia katika tathmini ya mwisho, hata kama kazi ameshaimudu.

Kijana mmoja tunayemjua, aliyekuja nchini akiwa mkubwa, alikuwa akijifunza ufundi umeme. Mikono yake ilisifiwa na wakubwa zake, lakini mtihani wa hisabati ulimwangusha mara tatu. Tulipomsomea maswali yale kwa Kiswahili, aliyajibu papo hapo. Hesabu aliijua, iliyomshinda ni aya ya Kiingereza iliyoifunika. Tulimwendea tumechelewa. Alikwisha kukata tamaa, na leo anabeba mizigo ghalani.

Mwezi wa Februari 2025 serikali ililegeza sharti hili. Aanzaye uanagenzi akiwa na miaka 19 au zaidi, mwajiri wake ndiye anayeamua kama atafanya mitihani hiyo. Walio chini ya umri huo sharti bado linawahusu. Basi kijana amuulize mwajiri kabla ya kutia saini, na apate jibu kwa maandishi.

Hata hivyo, nafuu isitulaze. Fundi asiyeweza kusoma maelekezo ya usalama yumo hatarini, na mlezi wa wagonjwa akikosea kipimo cha dawa humdhuru mtu. Zayd bin Thabit (R.A.) aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi. Sahaba huyo huyo ndiye aliyekuwa bingwa wa elimu ya mirathi, ambayo haiendi bila hesabu. Lugha ya wengine na hisabati vilikutana katika kifua kimoja, navyo vikautumikia Uislamu.

Na sisi walimu tujihesabu kwanza. Sisi tuliosoma kwa Kiarabu tuliwaona wenzetu wenye akili wakianguka katika fiqhi, si kwa kutoielewa, bali kwa kutolielewa swali. Tuliyaonja hayo, kisha tukawapangia vijana madrasa jioni zile zile wanazohitaji kujiandaa na mitihani. Huo si uadilifu.

Basi tunapendekeza matatu. Jioni moja kila wiki, baada ya Magharibi, iwe ya Kiingereza na hisabati hapa msikitini, na wenye elimu hiyo wajitolee. Somo la mirathi lifundishwe kwa sehemu na uwiano, ili mwanafunzi apate dini na hesabu pamoja. Na watu wazima waulize vyuoni, kwa kuwa mwenye kutimiza masharti ya ukaazi huweza kusoma masomo hayo bila ada hadi ngazi ya 2.

Tunamuomba Allah (S.W.) awafungulie vijana wetu milango ya riziki ya halali, na atusamehe tulipochelewa kuwashika mkono. Amin.

Wabillahi tawfiq.