Njia ya Hewa Kabla ya Upasuaji: Mambo ya Kumweleza Mtaalamu wa Nusukaputi

Wakazi wa Meru na Embu, wengi wanaoingia chumba cha upasuaji huogopa kisu. Hata hivyo, kuna dakika za hatari zinazotangulia kisu. Katika upasuaji mkubwa, dawa za nusukaputi hulegeza misuli na mgonjwa huacha kupumua mwenyewe. Mtaalamu hupitisha mpira mdomoni hadi kwenye bomba la pumzi ili mashine impumulie. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu huanza kuharibika.

Kwa miaka mingi kazi hii imefanywa kwa laringoskopu ya kawaida, yaani chuma chenye taa kinachoinua ulimi. Umbo linalotumika zaidi lilibuniwa na Robert Macintosh huko Oxford, Uingereza, mwaka 1943. Mtaalamu huinama na kuchungulia kooni kwa jicho lake. Kwa wagonjwa wengine njia haionekani vizuri: mwenye shingo fupi na nene, goita, makovu ya moto shingoni au mdomo usiofunguka vizuri, aliyevunjika taya katika ajali ya bodaboda, na wakati mwingine mama mjamzito aliyekaribia kujifungua.

Laringoskopu ya video ina kamera ndogo karibu na ncha. Picha huonekana kwenye skrini, hivyo mtaalamu huona kona isiyofikiwa na jicho, na msaidizi wake huona pia. Shingo iliyoumia haihitaji kukunjwa sana. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2022 yalionyesha kwamba, kwa watu wazima, kifaa hiki hupunguza majaribio yanayoshindikana.

Hata hivyo, kamera haitoshi peke yake. Damu au matapishi yakifunika lenzi, skrini haionyeshi kitu. Tena, si kila chumba cha upasuaji nchini kina kifaa hiki. Hospitali ikijua mapema kuwa njia ya hewa ni ngumu, huweza kuandaa vifaa, kumwita mtaalamu mwenye uzoefu zaidi, kutumia sindano ya mgongoni inapofaa, au kutoa rufaa kabla ya dawa kuingia mwilini.

Kwa hivyo, anayetarajia upasuaji azingatie haya:

• Aeleze kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kupata shida wakati wa nusukaputi.

• Aseme kama hukoroma sana na kukatikiwa na pumzi usingizini, au ana meno ya bandia au yanayolegea.

• Asifiche miraa wala muguka. Huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Anayeuliza anapanga dawa, hahukumu.

• Afuate maagizo ya kufunga. Kwa kawaida chakula huachwa angalau saa 6 kabla, na maji matupu saa 2 kabla. Kikombe cha chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula.

• Akiambiwa kwamba mpira uliingia kwa shida, aombe maandishi na ayatunze pamoja na kadi zake. Huenda upasuaji mwingine ukafanyiwa hospitali isiyomjua.

Katika dharura, mgonjwa huenda asiweze kusema. Anayeulizwa ni mtu aliyemleta. Ni vyema familia izungumzie mambo haya nyumbani, wote wakiwa wazima.